KONA YA MWALIMU: Intaneti ya nyumbani, tuchukue ya kampuni gani?

Mwezi huu tunajibu swali ambalo familia nyingi zimetuletea, kutoka Base Camp, Juru na hata Rubondo: "Walimu, tunataka kuweka intaneti nyumbani, ile ya ruta. Tuchukue ya kampuni gani?"

Hatuwezi kusema "nunueni hii, acheni ile", sababu kampuni inayoshika vizuri katika kijiji kimoja inaweza kuwa dhaifu katika kijiji cha jirani. Tutawapa njia ya kuchagua wenyewe.

Je, mnaihitaji kweli?

Tuanze hapa, maana pesa ni ngumu. Wote tunakumbuka mwezi wa tano 2025, WFP iliposimamisha msaada wa chakula kwa wakimbizi karibu milioni moja hapa Uganda. Pesa ya unga isiende kwenye ruta. Kama nyumbani ni mtu mmoja ao wawili wanaotumia WhatsApp tu, bando ya simu inatosha, na simu yenyewe inaweza kugawia simu nyingine intaneti. Ruta inafaa nyumba yenye wanafunzi wanaosoma kwa mtandao, mwenye kazi ya kompyuta, ao familia mbili tatu zinazochangia.

Na tuelewane: ruta ni kasanduku kanakoingia laini, kama simu, halafu kanagawa intaneti kwa watu wa nyumba. Iko ile ndogo ya mfukoni yenye betri yake, na ile kubwa ya mezani inayotaka umeme wakati wote. Zote mbili zinategemea mnara. Kama simu ya 4G haishiki kitu nyumbani kwako, ruta ya kampuni ileile nayo itahangaika.

1. Pima mnara kabla ya kulipa

Kampuni mbili kubwa za simu hapa Uganda ni MTN na Airtel. Tafuta laini ya kila moja, hata ya kuazima kwa jirani, na simu moja ya 4G. Weka bando ndogo ya siku moja. Simama pale pale ruta itakapokaa, ndani ya nyumba, sio barabarani. Pima mara tatu: asubuhi, mchana na saa mbili usiku. Fungua video ileile kila mara, uone kama inatembea ao inasimama-simama. Angalia pia kama juu ya simu imeandikwa 4G. Andika yote kwenye daftari.

Kwa nini usiku? Sababu mnara ni kama bomba la maji: watu wakiwa wachache, jerikani inajaa haraka, wakiwa wengi, kila mtu anapata kidogo. Muuza duka atakuonyesha kasi ya saa nne asubuhi, lakini mtoto wako atasoma usiku.

Mabati pia yanazuia mtandao. Weka ruta juu, karibu na dirisha la upande wa mnara. Hapana kuificha nyuma ya sanduku la nguo.

2. Piga hesabu ya matumizi

Wengi wananunua bando kwa kuangalia bei tu. Kwanza ujue unatumia kiasi gani. Kwa makadirio, saa moja ya kuongea kwa WhatsApp bila picha inakula MB 30 hivi. Saa moja ya kuonana kwa video inakula kama MB 300. Saa moja ya somo la video, kwa picha ya kawaida, ni kama MB 500. GB 1 ni karibu MB 1,000.

Mfano: mwanafunzi anaangalia somo saa 1 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Kwa wiki 4 ni saa 20, sawa na GB 10. Familia inaonana na yaya aliye Marekani saa 2 kila wiki: kwa mwezi ni saa 8, sawa na GB 2.4. Jumla ni GB 12.4. Ongeza kidogo, maana simu zinapakua mambo yao zenyewe. Basi familia hii itafute bando ya GB 15. Ile ya GB 5 itaisha wiki ya pili, na ile ya GB 60 ni kutupa pesa.

3. Maswali ya kuuliza dukani

- Bando inaisha baada ya siku ngapi? Zilizobaki zinahamia mwezi unaofuata ao zinapotea?
- "Bila kikomo" maana yake nini? Mara nyingi ukifika kiasi fulani wanapunguza kasi. Uliza ni kiasi gani, na kasi inashuka mpaka wapi.
- Ruta inakubali laini ya kampuni nyingine ao imefungwa? Africell ilifunga kazi yake hapa Uganda mwezi wa kumi 2021. Kampuni ikiondoka, ruta iliyofungwa inabaki sanduku tupu.
- Bei hii iko na kodi ndani? Toka Julai 2021, bando za intaneti ziko na kodi ya asilimia 12, iliyochukua nafasi ya ile ya shilingi 200 kwa siku ya mwaka 2018.
- Ikiharibika, nani anatengeneza, na kwa muda gani? Pata risiti.

Wakikuletea habari ya sahani ya setilaiti, uliza kwanza kama kampuni hiyo iko na kibali cha UCC, ofisi ya serikali inayosimamia mawasiliano. Bila kibali, usitoe hata shilingi.

4. Umeme utatoka wapi?

Soma nyuma ya ruta. Nyingi za mezani zimeandikwa volti 12 na ampea 1. Zidisha: wati 12. Kwa saa 10 ni wati-saa 120. Betri ya sola ya volti 12, ampea-saa 20, inabeba wati-saa 240, lakini ile ya risasi haipendi kumalizwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo ruta peke yake itaimaliza, na taa ya watoto itakosa. Wenye sola ndogo wachukue ile ya mfukoni.

5. Laini iko kwa jina la nani?

Toka Agosti 2019, serikali ilirahisisha mkimbizi kusajili laini kwa karatasi zake za ukimbizi. Sajili kwa jina lako. Laini ya jina la mtu mwingine, siku akihama ao mkigombana, inaondoka naye. Na kumbuka: kinachofanywa kupitia laini yako kitafuatwa kwa jina lako. Weka neno la siri refu, na usilitangaze kisimani.

Mkichangia familia tatu, andikeni karatasi: nani analipa ngapi, tarehe gani, saa za masomo ni zipi, na mpira tunaangalia ao hatuangalii. Tumeona majirani waliokula sahani moja miaka kumi wakaacha kusalimiana sababu ya GB tatu.

Swali la mama mmoja

Mama mmoja wa New Congo alituuliza: "Mwalimu, nikinunua, watoto watasoma ao watacheza?" Mama, watafanya yote mawili. Ruta inafungua mlango tu, haichagui anayeingia. Weka saa za masomo, simu zikae sebuleni, na usiku ruta izimwe. Mlango huo huo wanapita na wezi: mtu akiandika kwamba ulipe ili kesi yako ya kwenda nchi ya tatu isonge, ni mwongo. Huduma za UNHCR ni bure. Wafundisheni watoto hilo kabla ya kuwapa neno la siri.

Kazi ya nyumbani

Kila familia iliyopima mnara ituletee karatasi: kijiji, kampuni, saa, na jinsi video ilivyotembea. Tutaziunganisha na kuweka orodha ya kijiji kwa kijiji katika toleo lijalo, ili jirani asinunue kwa kubahatisha.

Mkae na amani. Sisi walimu wenu wa kujitolea.