Pole na Mazoezi

Ndugu zangu wa Nyegina, Kurukerege na Mkirira, nanyi wa Musoma mjini mnaopita kwetu kila siku: mtu akikimbia mazoezi kwenye barabara zetu, lazima asindikizwe na maneno. "Unakimbia marejesho?" "Mwizi wako yuko wapi?" "Mama, kitambi hicho hakitoki leo!" Akiwa binti aliyevaa bukta, maneno huwa mengine. Siyaandiki hapa, kila aliyewahi kukaa kijiweni anayajua.

Nimejiuliza kwa nini tumchague yeye. Anayetoka ziwani na beseni la dagaa kichwani hatumsemi, wala mwenye ndoo ya maji. Mtoto anayekimbilia namba shuleni tunamhimiza aongeze mwendo. Nadhani barabara tumewaachia wenye mzigo na wenye haraka inayoeleweka. Anayekimbia mikono mitupu, kisha akageuka na kurudi alikotoka, tunamwona hana kazi.

Lakini ni wakimbiaji waliotuletea sifa. Suleiman Nyambui ni mtu wa Majita, hapo jirani. Mwaka 1980, kwenye Olimpiki ya Moscow, alishika nafasi ya pili katika mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Filbert Bayi naye alipata medali ya fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Hadi michezo ya Paris mwaka 2024, Tanzania haikuwa na medali nyingine ya Olimpiki zaidi ya hizo mbili, na moja ni ya mwana wa ziwa letu hili. Septemba 2023 Magdalena Shauri alimaliza wa tatu marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Septemba 2025 Alphonce Simbu akachukua dhahabu ya marathoni ya dunia huko Tokyo, na video yake ikazunguka kwenye simu zetu kutwa nzima, vijiweni humo humo.

Lakini tusiyafanye haya kuwa mambo ya medali. Wengi wanaokimbia hapa hawatafika hata Mwanza kwa mbio zao, na wala hawana nia hiyo. Kuna aliyeambiwa zahanati kwamba presha imepanda, autingishe mwili. Anajikaza asubuhi mbili, ya tatu anabaki ndani, kwa sababu mtu wa miaka hamsini na wajukuu wake haoni raha kuchekwa na vijana wa rika la wanawe. Kuna binti anayejiandaa kwa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ambaye, ili asikutane nasi, anaamka saa kumi alfajiri akimbie gizani. Hapo tumemtoa kwenye kejeli tukampeleka kwenye hatari kubwa zaidi, halafu jambo likimpata tutauliza alikuwa anatafuta nini njiani usiku.

Yupo atakayesema huu ni utani tu. Utani tunaujua, tumelelewa nao. Mtani unamfahamu, akikurushia neno unamrudishia, na siku ya msiba wako utamwona uani akihangaika. Mtu usiyemjua anayepigia kelele mapaja ya mtoto wa wenyewe, huyo ni mtani wa nani? Sheria nayo haimtambui hivyo. Kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu, kilichokuja na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, kinahesabu hata maneno kuwa unyanyasaji wa kijinsia, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka mitano. Madawati ya Jinsia ya polisi yapo kwa mambo kama haya. Ila mimi nisingependa tuanzie polisi.

Tuanzie kijiweni. Mtazame dereva wa bodaboda aliye peke yake: mkimbiaji anapita, yeye kimya, pengine hata anamsalimia. Wakishakuwa watano, mmoja anapaza sauti, na akishapaza hamwangalii tena mkimbiaji. Anawageukia wenzake kuona nani amecheka. Kwa hiyo wito wangu hauendi kwake sana. Unaenda kwa wale wanne. Msicheke. Mmoja wenu akisema tu, "Muache dada wa watu apite," mchezo umeisha, maana hakuna apendaye kuchekesha watu waliokaa kimya. Na asiyeweza kunyamaza kabisa, aseme "Pole na mazoezi!" Inatosha.

Viongozi wa vijiwe vya bodaboda, liwekeni hili kwenye taratibu zenu, pamoja na zamu za kupakia abiria. Parokia yetu ya Nyegina, ile ile alikobatizwa Mwalimu Nyerere mwaka 1943, ina matangazo baada ya misa yanayosikilizwa kuliko redio; tunaomba dakika moja. Mashehe na wachungaji, vivyo hivyo. Walimu wa michezo, msiwaache wasichana wakimbie mmoja mmoja. Nanyi wakimbiaji, kwetu mtu anayempita mzee bila salamu huonekana anajidai. Pumzi ikiwa imekata, nyoosheni mkono. Simlaumu mkimbiaji kwa kuzomewa, namwambia tu jinsi wazee wetu walivyo.

Wenyeviti wa vijiji vyote vitatu, nawaomba mkutano mkuu ujao wa kijiji uwe na ajenda hii, isiachwe kwenye "mengineyo" wakati watu wameshaanza kukunja viti. Na Jumamosi itakayofuata, saa kumi na mbili asubuhi, tutoke wote. Mjini wanakimbia kwa makundi, na kundi halizomewi. Atakayeweza kukimbia akimbie, wengine tutembee, polepole, hadi pale wazee watakaposema basi. Madereva wa bodaboda, njooni na pikipiki zenu, maana kuna watu watahitaji kurudishwa nyumbani, na siku hiyo nauli tutachangishana.