Usiipake Vita Rangi ya Uongo

Kuna kazi ndogo ambazo watu wazima huzitazama kwa jicho la dharau, na moja ya kazi hizo ni kuunda na kupaka rangi mifano ya ndege za vita. Mtu akimwona kijana ameinama mezani na kisu kidogo, gundi, msasa na brashi nyembamba, akiunganisha ndege isiyofika shubiri moja, husema upesi kwamba muda unapotea bure. Mwingine huongeza shutuma ya pili, iliyo nzito zaidi: kwamba kijana huyo anajifunza kupenda vita. Msomaji kijana, shutuma ya kwanza naipinga yote. Ya pili naipinga nusu. Nusu iliyobaki naikubali, na kwa ajili ya nusu hiyo naandika insha hii.

Tuanze na shutuma ya kwanza. Mwaka 1942, Marekani ilipokuwa imekwisha kuingia katika Vita Kuu ya Pili, jeshi lake la majini liliziomba shule za nchi hiyo ziliundie mifano 500,000 ya ndege. Wanafunzi wa rika lako walichonga mbao laini, wakazipiga msasa mpaka zikawa laini kama yai, kisha wakazipaka rangi nyeusi. Mifano hiyo ilitumiwa kuwafundisha askari kuitambua ndege kwa umbo lake tu, ili wasimpige rafiki wakidhani ni adui. Kipimo kilikuwa 1 kwa 72, maana yake inchi 1 ya mfano ni sawa na futi 6 za ndege yenyewe. Mfano ukiwekwa futi 35 mbele ya macho, ulionekana kama ndege halisi iliyo mbali karibu nusu maili. Basi mwanafunzi aliyechonga bawa kombo alimfundisha askari uongo, na uongo ule ungeweza kumwua mtu asiye na hatia. Je, huo ni mchezo wa bure?

Vita vilipokwisha, kipimo kile hakikutupwa. Mwaka 1953 kampuni ya Airfix ya Uingereza iliuza vipande vya plastiki vya kuundia ndege iitwayo Spitfire kwa shilingi 2 tu, na kazi hii ikaingia katika nyumba za watu wa kawaida. Asiye na fedha za kununua plastiki hana sababu ya kulia, maana ubao laini na kisu kikali vingali vyatosha leo kama vilivyotosha mwaka 1942.

Tena, tazama kazi yenyewe inavyomfunza mtu. Mabawa ya Spitfire, kutoka ncha hata ncha, yalikuwa na urefu wa mita 11.23. Gawanya kwa 72, utapata karibu sentimita 15.6. Ukikosea milimita 1 katika mfano, umekosea sentimita 7.2 katika ndege halisi. Kwa hiyo mkono hujifunza heshima, na jicho hujifunza kutojidanganya. Vipande hujaribiwa kwanza bila gundi; viungo hupigwa msasa hata visionekane; rangi ya kwanza huachwa ikauke kabisa kabla ya kupakwa ya pili. Haraka haraka haina baraka, na hakuna mahali methali hii inapothibitika upesi kuliko katika rangi mbichi iliyoguswa kwa kidole. Kila rangi nayo ina sababu yake. Mwaka 1940 Spitfire ilipakwa kahawia na kijani juu, ili atazamaye kutoka angani asiitofautishe na mashamba. Na chini ilipakwa rangi hafifu ya mbingu, ili atazamaye kutoka ardhini asiione upesi. Mpaka rangi asiyeuliza sababu hizo ni kasuku; aziulizaye ni mwanafunzi.

Sasa tufike kwenye shutuma ya pili. Ni kweli kwamba ndege ya vita ni kitu kizuri kwa macho. R. J. Mitchell, mhandisi aliyeibuni Spitfire, aliiona ikiruka mara ya kwanza mwaka 1936, akafa mwaka 1937, miaka miwili kabla ya vita. Aliiachia dunia umbo ambalo hata leo watu hulisifu. Lakini mabawa yale mazuri yaliundwa yabebe bunduki za rashasha 8, na bunduki hazibebwi kwa mapambo. Muundaji anayekoma kwenye uzuri, akaipaka ndege yake ikang'aa kama kikombe cha harusi, kisha akasimulia ushindi tu, huyo ndiye anayeipa nguvu shutuma ya wazee. Amesema uongo, hata kama kinywa chake kimenyamaza.

Lakini dawa ya uongo si kuvunja mfano. Dawa yake ni kuuunda kwa ukweli zaidi, maana mfano ulioundwa kwa ukweli husimulia mambo ambayo mpenda vita hataki kuyasikia. Nitakuonyesha mahali patatu.

Kwanza, tazama mbele ya kioo cha rubani wa Spitfire. Pana kifuniko kidogo cha mviringo, ambacho wengi hukipaka rangi bila kufikiri. Ni kifuniko cha tangi la petroli. Tangi lilikaa baina ya injini na rubani, na lilipopigwa risasi, moto ulikuja usoni na mikononi mwake. Huko East Grinstead, Uingereza, daktari Archibald McIndoe aliwatengenezea wanaanga walioungua nyuso mpya na mikono mipya, na wagonjwa wake waliunda chama chao mwaka 1941. Vita vilipokwisha, chama kile kilikuwa na wanachama zaidi ya 600. Ukijua hayo, je, utakipaka kifuniko kile kwa moyo ule ule?

Pili, tazama ukingo wa mbele wa mabawa. Matundu ya bunduki yalizibwa kwa vipande vya kitambaa chekundu, ili vumbi na unyevu visiingie. Bunduki zilipopigwa, vitambaa vilitoboka, na masizi meusi yakaachwa nyuma yake juu ya bawa. Basi hapo brashi yako inatoa ushahidi. Ukipaka wekundu mzima, umesema ndege hii haijapiga. Ukipaka masizi, umesema imempiga mtu. Usiweke masizi kwa kuwa yapendeza.

Tatu, tazama ubavuni karibu na kiti cha rubani. Marubani wengi walichora hapo alama ndogo ndogo, moja kwa kila ndege ya adui waliyoiangusha. Kijana huzihesabu kama mabao ya mpira. La, si mabao. Nyuma ya kila alama ilikuwapo ndege iliyobeba mtu au watu, na nyuma yao walikuwapo wazazi waliopokea barua.

Wapo pia waundaji wanaojificha nyuma ya neno hili: "Mimi napenda mashine tu, siasa siijui." Huunda ndege ya Kijerumani, Messerschmitt 109, wakaisifu kwa wepesi wake, wakaiacha alama ya Wanazi mkiani kwa kuwa inawasumbua. Ujerumani yenyewe imekataza kwa sheria alama ile ionyeshwe hadharani kwa kuitukuza, na ina haki, maana yayajua machungu yake. Lakini mtu mwingine asidhani kwamba alama ikifutwa historia imefutika. Tangu mwaka 1943, vipande vya Messerschmitt 109 viliundwa na wafungwa wa kambi ya Flossenbürg, watu waliofanyishwa kazi kwa njaa na mapigo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: rubani wa Kijerumani aliweza kuwa hodari. Lakini uhodari wake ulitumikia dhuluma, na mfano unaoficha dhuluma hiyo ni mapambo ya mlango wa gereza.

Kwa upande wa pili, iko rangi inayosema kweli ya fahari. Ukiona Mustang ya Marekani yenye mkia mwekundu, jua kwamba yaweza kuwa ndege ya kundi la 332, marubani weusi waliofunzwa Tuskegee, Alabama. Walipigana na Wanazi angani, hali jeshi lao wenyewe liliwatenga kwa ajili ya rangi ya ngozi. Anayepaka mkia ule bila kujua habari hiyo amepaka wekundu tu. Anayeijua amepaka vita viwili kwa brashi moja.

Wala usiseme haya ni mambo ya ng'ambo yasiyotuhusu. Mwaka 1939 Roald Dahl, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta Dar es Salaam, alikwenda Nairobi kujifunza urubani. Baadaye aliruka na Hurricane katika vita vya Ugiriki mwaka 1941, kisha akawa mwandishi mashuhuri. Katika kitabu chake cha maisha ameandika kwamba walikuwa vijana 16 waliojifunza pamoja hapo Nairobi, na kwamba 13 kati yao waliuawa angani katika muda wa miaka miwili. Fikiri, msomaji: vijana 16 walipaa juu ya nyanda zetu wakicheka, na waliozeeka ni 3.

Basi nasema tena: unda, wala usiogope. Chonga, piga msasa, gandisha, paka rangi. Lakini usiweke mfano wako rafuni kabla hujaandika karatasi ndogo ya kuweka chini yake. Andika ndege hiyo ilikuwa ya nani, mwaka gani, ilimtumikia nani, na nini kiliwapata waliomo ndani na waliokuwa mbele ya bunduki zake. Kama huwezi kuandika mistari minne, rudi kwenye vitabu. Kazi yako haijakwisha, hata rangi ikiwa imekauka. Na akija mtu akakuambia unacheza, mpe asome karatasi ile. Akikuambia unapenda vita, mpe karatasi ile ile. Ikiwa umeandika kweli, hatakuwa na la kuongeza; na ikiwa hukuandika kweli, basi alichokisema juu yako ni haki.