Bwaga Moyo, Si "Tupa Chini Moyo"

Simulizi mashuhuri yasema kuwa jina la Bagamoyo limetokana na "bwaga moyo". Maana ya jina tuwaachie wanahistoria, sisi tukitazame kitenzi. "Bwaga" peke yake kimebeba tendo, uzito wa kinachotupwa na upande kinakoelekea. Mfasiri wa haraka wa siku hizi angetuandikia "tupa chini moyo". Huo ndio ugonjwa ninaoushtaki.

Kiingereza kina kawaida yake: kitenzi kifupi hufuatwa na kijineno, na viwili hivyo huzaa maana mpya. "Put off" ni kuahirisha, "put out" ni kuzima, "put on" ni kuvaa, "put up with" ni kuvumilia. Kawaida hiyo siilaumu, ni yao na inawafaa. Ninayemlaumu ni Mswahili anayekifasiri kijineno kana kwamba kina maana yake pekee. Kutoka kwake twapata "tunaangalia mbele kuonana nanyi", ilhali "kutazamia" kipo. Kesho atatuambia kuwa kamati "imekuja juu na mpango", nasi tutauliza ni nani aliyeiudhi, kwani kwetu anayekuja juu amekasirika.

Kiswahili huweka mwelekeo ndani ya kitenzi chenyewe, aghalabu mkiani. Tunafunga na kufungua, tunatega na kutegua, tunaanika nguo na mvua ikitisha tunazianua. Nenda ufukweni Bagamoyo ukasikilize. Dau likitiwa majini, limeshuliwa. Tanga likipandishwa, limetwekwa, likiteremshwa, limetuliwa. Maji yakipwa na chombo kikabaki mchangani, kimepwelewa. Hakuna "juu", "chini" wala "nje" iliyohitajika. Kata ya Dunda ndiyo yenye sababu kubwa ya kulilinda jambo hili: Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maelezo yake ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, alizaliwa Dunda. Mwenyeji huyo alikwenda kuwafundisha Wajerumani Kiswahili mjini Berlin, na nathari yake haikuhitaji viraka vya Ulaya.

Washairi, hasara hii yatugusa sisi kwanza. Hesabuni: "tunaangalia mbele" ni mizani nane kamili. Kipande kizima kimeliwa, na hatujasema tunatazamia nini. Andikeni "twatazamia kurudi", nayo ni mizani nane, na sasa msikilizaji ana la kushika. Anayedai Kiswahili hakitoshi katika vipande vya nane, mara nyingi amekijaza vijineno visivyo vyake.

Nitajibiwa kuwa lugha hukua kwa kukopa. Sikatai. "Meza" ilitoka kwa Wareno, "shule" kwa Wajerumani, na leo twasema "mezani" na "shuleni" bila kuwakumbuka. Maneno hayo yalipoingia yalitii sarufi ya nyumba. Wanaokopa "angalia mbele" hawakukopa neno hata moja; maneno yote mawili ni yetu. Wamekopa namna ya kuyafunga, na ile yetu ikatupwa ingali nzima. Huko si kukua. Ni kumtoa mwenyeji chumbani ili mgeni apate kitanda.

Wala dawa si kukichukia Kiingereza. Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali, akiingia kidato cha kwanza hufundishwa kwa Kiingereza, na vitenzi hivi atakutana navyo kila ukurasa. Akikaririshwa kwamba "give" ni "toa" na "up" ni "juu", hatafika kamwe kwenye kukata tamaa. Atakuwa amekosa lugha zote mbili kwa somo moja. Mwalimu na aanzie kwenye sentensi nzima, kisha aulize: sisi tendo hili twaliitaje? Mtoto atakayejibu "kuahirisha", "kuzima", "kuvumilia" amekishika Kiingereza kwa mkono wa Kiswahili.

Na mhariri naye afanye lake. Akikuta "juu", "chini", "mbele" au "nje" pembeni mwa kitenzi, akiulize kijineno hicho kimekuja kufanya kazi gani. Kisicho na kazi kiondolewe, na kitenzi chenye mkia wake kirudishwe mahali pake.