Kompresa ya Mtumba: Tazama Mtungi Kwanza

Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma inapita Vwawa. Malori hupita usiku na mchana. Lori likipata pancha, dereva hutafuta fundi mwenye upepo. Fundi asiye na upepo hubaki anatazama malori yakipita. Ndiyo maana mafundi wengi wanatamani kuwa na kompresa, yaani mashine ya kujazia upepo.

Kompresa mpya ni ghali. Tuseme wewe na wenzako wawili mmeuza kahawa, mkachanga fedha. Mmepata mtu anayeuza kompresa iliyokwisha tumika. Imepakwa rangi mpya. Mwenyewe anataka kuiwasha ili msikie inavyonguruma.

Mwambieni asubiri. Maoni yangu ni haya: tazameni mtungi kwanza, mashine baadaye.

Kwa nini mtungi?

Kompresa ina sehemu kubwa mbili. Ya kwanza ni pampu, pamoja na mota au injini ya kuizungusha. Ya pili ni mtungi wa kuhifadhi upepo. Pampu ikiharibika, utapoteza fedha. Mtungi ukipasuka, unaweza kupoteza mkono, macho au maisha. Tena hautachagua. Utamwumiza fundi, dereva, na mtoto aliyekuja kujaza upepo kwenye baiskeli.

Pima nguvu ya upepo huo. Kompresa nyingi za gereji hujaza mpaka kama baa 8. Geji yenye namba za PSI huonyesha kama 116. Hapo kila sehemu ya mtungi yenye ukubwa wa ukucha wa kidole inasukumwa kwa uzito wa kilo 8 hivi. Sehemu yenye sentimita 10 kwa 10 inasukumwa kwa uzito wa kilo 800. Hayo ni magunia 8 ya mahindi ya kilo 100.

Chuma kizima kinaweza kustahimili nguvu hiyo. Chuma kilicholiwa na kutu hakiwezi.

Kutu inatoka wapi?

Umeona mfuniko wa sufuria unavyotoa matone ya maji. Hewa nayo ina unyevu. Pampu ikiibana hewa, hewa hupata moto. Ikipoa ndani ya mtungi, unyevu hugeuka maji. Maji hukaa chini ya mtungi na kula chuma polepole. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba mpaka Aprili, maji huwa mengi zaidi. Rangi mpya haiondoi kutu ya ndani. Inaificha tu.

Namna ya kukagua

1. Hakikisha mashine imezimwa na geji inasoma 0.

2. Soma kibao cha chuma kilichopigwa kwenye mtungi. Kinaonyesha kiasi cha juu cha upepo, na mara nyingi mwaka uliotengenezwa. Zamani ulimwomba mtu akusomee. Sasa soma mwenyewe. Kama kibao kimeng'olewa, uliza sababu.

3. Fungua koki iliyo chini ya mtungi. Kama imeganda, huenda maji hayakutolewa kwa muda mrefu. Kama yanatoka maji mekundu yenye vipande vya kutu, mtungi unaliwa.

4. Lala chini utazame tumbo la mtungi na mahali miguu ilipounganishwa. Ukiona kiraka, ufa au mashimo ya kutu, usinunue.

5. Tafuta vali ya usalama. Kazi yake ni kutoa upepo ukizidi. Kama imeng'olewa na mahali pake pamezibwa kwa bolti, usiruhusu mashine iwashwe.

Hata hivyo, macho hayaoni unene wa chuma. Kwa hiyo mtungi upimwe kwa maji. Mtaalamu huujaza maji mpaka juu, kisha huyasukuma kwa nguvu kuliko ile ya kazi ya kila siku. Maji hayatanuki kwa kishindo kama upepo. Mtungi dhaifu huvuja pasipo kulipuka. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA, hukagua mitungi ya namna hii. Waulizeni. Gharama ya kupima ni ndogo kuliko gharama ya msiba.

Wako watakaosema, "Tundu dogo si kitu, tutachomelea." Sikubaliani nao. Tundu moja ni dalili kwamba chuma cha jirani yake nacho kimekuwa chembamba. Kiraka huziba tundu. Hakirudishi unene wa chuma.

Mtungi ukiwa mzima

Sasa mwambieni awashe. Kama mashine ina kasoro, usikimbilie kufungua pampu. Anza na mambo madogo.

Haijai haraka: safisha chujio la hewa. Kaza mkanda uliolegea. Paka maji ya sabuni kwenye viungo vyote. Penye mapovu ndipo panapovuja. Kama haya yote ni sawa, huenda vali za pampu au ringi zimechoka. Kumbuka pia kwamba Vwawa iko juu kuliko Dar es Salaam, na hewa ya juu ni nyepesi. Mashine ile ile itachelewa kidogo kujaza huku.

Ikijizima, upepo unaendelea kulia kwenye swichi: vali inayozuia upepo kurudi kwenye pampu imechafuka au imechakaa. Zima umeme na toa upepo wote kabla ya kuifungua.

Mota inanguruma bila kuzunguka: huenda umeme ni mdogo, au waya ni mrefu na mwembamba. Asubuhi za baridi za Juni na Julai oili huwa nzito, na mota huelemewa.

Upepo unatoka na oili: shika karatasi nyeupe mbele ya mpira wa upepo. Ikipata madoa ya oili, huenda ringi zimechakaa.

Jambo moja usifanye kamwe. Mashine ikiwa dhaifu, usikaze swichi wala vali ya usalama ili upepo upande zaidi. Hiyo si dawa. Ni kuuongezea mzigo mtungi mzee.

Kalamu nayo ni spana

Mkishanunua, wekeni daftari karibu na mashine. Kila jioni, toeni maji mtungini na mwandike tarehe. Mara moja kwa wiki, jazeni kuanzia 0 na mwandike dakika zilizotumika. Kama mwezi wa kwanza ilichukua dakika 6, na mwezi wa tatu dakika 9, mashine inawaambia kwamba inaumwa. Asiyeandika atangoja mpaka isimame, tena siku yenye wateja wengi.

Ndugu msomaji, sisemi usinunue mashine ya mtumba. Wengi wetu hatuna uwezo wa kununua mpya. Ninasema nunua kwa macho yaliyofunguka. Pampu mbovu hutengenezeka. Mtungi mbovu ukatwe, usirudi tena kazini.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini maji hupatikana ndani ya mtungi wa upepo?
2. Kwa nini ni hatari kuziba vali ya usalama?
3. Je, katika kijiji chenu kuna kompresa? Nani hutoa maji yake, na mara ngapi?