Kisu Hakiuliwi na Mashini

Hapa Kasapa wazee wengine banasema: «Mashini inaua kazi ya bankambo.» Sisi tunakataa. Makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yaliyofukuliwa 1957 na 1958, yalikuwa na visu na shoka za chuma. Tulichorithi kwa wahunzi wale ni ujuzi wa moto na chuma. Jiwe la kunolea si mzimu.

Kinachoua kisu ni joto. Kijana anapata resori ya gari, chuma kizuri kabisa. Kisha anakikandamiza ku jiwe la umeme mpaka makali yanageuka bluu. Pale njo kisu kinakufa: bluu ni karibu digri 300, ugumu umeshatoka. Mashini ya mkanda wa msasa haichomi upesi hivyo, lakini nayo inataka ndoo ya maji karibu. Asiye na pesa, tupa inamtosha, mradi asugue kabla chuma hakijachovywa.

Makali nayo yafuate kazi. Kisu cha jikoni kiwe na ubavu bapa, mwembamba. Panga la kuni liwe na ubavu wenye tumbo, lisimeguke. Ubavu uliochimbika ni wa wembe. Ukigonga mfupa, umekwisha.

Basi wazee, muache kufukuza vijana ku mashini. Muwafundishe rangi za moto. Nanyi vijana, musinunue mashini mbele ya kujua tupa. Tukiendelea kugombana, watoto wetu watabaki wanunuzi wa visu vya dukani tu.