Kila Mtu Korogwe Alimshika Mkono Bendera

Ukitaka kuwahesabu watu waliopata kushikana mkono na marehemu Joel Bendera, usianzie Korogwe, maana hutamaliza. Fundi baiskeli wa Manundu ana siku yake. Mama anayeuza matunda kituo cha mabasi naye ana yake. Karani mstaafu wa shamba la mkonge anayo moja ya mwaka ambao haukumbuki vizuri, ila anakumbuka kwamba mvua ilikuwa inanyesha na kwamba mkono wenyewe ulikuwa mkavu. Mmoja alimkuta sokoni, mwingine msibani, mwingine alikuwa anavuka barabara tu. Ukiijumlisha mikono yote hiyo utadhani marehemu hakuwa na kazi nyingine duniani ila kutoa salamu.

Sisemi kwamba watu hawa wanaongopa. Mtu aliyezaliwa mahali, akaja kuwa mbunge wa mahali hapohapo, atasalimiana na watu wengi apende asipende. Kilichonishangaza ni kitu kingine, nami nitakifikia.

Kwa faida ya vijana, nianze na mtu mwenyewe. Joel Nkaya Bendera ndiye kocha ambaye jina lake limefungamana na Taifa Stars ya mwaka 1979, timu ya kwanza ya Tanzania kuingia fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Kizuizi cha mwisho kilikuwa Zambia. Dar es Salaam, katika Uwanja wa Taifa ambao leo unaitwa Uwanja wa Uhuru, vijana wetu walishinda bao 1-0. Ikabaki safari ya Ndola. Jumapili ya Agosti 26, 1979, mbele ya umati wa Wazambia, Stars walikuwa nyuma kwa bao moja hadi Peter Tino alipolisawazisha katika dakika za mwisho. Mchezo ukaisha 1-1, na tiketi ya Lagos ikawa yetu.

Hayo yameandikwa mara nyingi. Ambalo halijaandikwa sana ni jinsi mpenzi wa kandanda wa Korogwe au Handeni alivyoyapokea. Mwaka ule haukuwa mwaka wa raha. Vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin vilikuwa vimeanza mwishoni mwa 1978. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, na familia nyingi zilikuwa bado zinamsubiri kijana wao arudi kutoka Uganda. Madukani bidhaa zilikuwa haba. Wazee wanasimulia jinsi betri za redio zilivyoanikwa juani, juu ya bati, ili zipate nguvu za kumaliza angalau kipindi kimoja cha mchezo. Redio yenye betri nzima ilikuwa mali ya mtaa mzima, na mwenye redio hiyo, hata kama siku nyingine hakuna aliyemjali, Jumapili ya mpira alikuwa mtu mkubwa.

Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi miaka ya 1990. Kwa hiyo mchezaji, na zaidi kocha, alikuwa mtu wa kusikika. Picha yake ilionekana gazetini, ndogo, yenye wino uliovuja, kisha gazeti hilohilo likafungiwa sukari. Watu waliijua timu kwa masikio. Walijua Jellah Mtagwa anavyookoa na Juma Pondamali anavyoruka bila kuwaona hata siku moja, kwa kuwa mtangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam aliwaambia. Kijana wa leo, ambaye anamwona mchezaji wa Ulaya akipangusa jasho katika simu yake ya mkononi, hawezi kuelewa ilikuwaje kukutana uso kwa uso na mtu uliyekuwa umemsikia tu. Ilikuwa kama sauti imeota miguu.

Ndiyo maana mkono ule haukusahaulika. Mtu alikuwa anahakikisha kwamba Ndola ilikuwa kweli.

Sasa lile lililonishangaza. Karibu wote niliowasikiliza walimwuliza marehemu swali moja. Tofauti ilikuwa katika maneno tu. Ilikuwaje Ndola? Mliwezaje kule Ndola, mzee? Kuna waliomwamkia shikamoo kwanza na kuna waliosahau hata salamu. Swali wanalikumbuka neno kwa neno, na mahali waliposimama, na nguo waliyovaa. Lakini nikiwauliza alijibu nini, hunyamaza. Wengine hucheka. Wengine huanza kunieleza wao wenyewe lile bao, jinsi mpira ulivyotoka kwa huyu ukafika kwa yule, na nikisikiliza kwa makini nagundua kwamba wananisimulia walichokisikia redioni mwaka 1979. Maneno ya kocha hayamo. Na nikilinganisha masimulizi, Peter Tino anafunga kwa mguu wa kulia mbele ya duka moja na kwa mguu wa kushoto mbele ya duka la pili.

Nimeliwaza sana jambo hili. Pengine ndivyo tulivyo tunapokutana na mtu tunayempenda kupita kiasi: tunakuwa tumejaa swali letu hata jibu halipati pa kukaa. Mtu alikuwa ameliweka moyoni miaka ishirini na zaidi; alipolitoa, akawa amemaliza shughuli yake.

Ipo pia tofauti kati ya wilaya hizi mbili, nayo inafaa kutajwa. Mwaka 2005 Ndugu Bendera alichaguliwa mbunge wa Korogwe Mjini, na katika kipindi hicho akawa pia Naibu Waziri katika wizara inayoshughulikia michezo. Mwaka 2010 kiti kikaenda kwa mwingine. Yeye akaja kuwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro, kisha wa Manyara. Hivyo Korogwe inamjua marehemu kwa sura mbili. Ukimsikiliza mtu wa mjini pale akimzungumza mbunge, utasikia habari za maji, za barabara za mitaa, za ahadi gani ilitimia na ipi haikutimia, kama anavyozungumzwa mbunge yeyote wa Jamhuri hii. Mtu huyohuyo, ukimtajia 1979, sauti inabadilika. Malalamiko anayaweka kando, kama mtu anavyoweka jembe mlangoni kabla ya kuingia ndani. Mbunge hupimwa kwa bomba linalotoa maji kila asubuhi, na bomba halina huruma. Kocha hupimwa kwa mchezo uliokwisha kuchezwa, ambao hakuna awezaye kuubadilisha matokeo.

Handeni hawana sura hiyo ya pili. Hawakupata kumpigia kura wala kumnyima. Kwao alibaki yule wa redioni, mtu wa jirani aliyeipeleka nchi Lagos, na kwa sababu hiyo nathubutu kusema wanamkumbuka kwa moyo mwepesi zaidi. Wazee wa Chanika hata hupenda kuwatania wenzao wa Korogwe kwamba wao, wenye mtu, walimchosha kwa shida zao wakati ungefika wa kukaa naye kivulini azungumze mpira. Watu wa Korogwe hawaupendi utani huo, na nadhani hawaupendi kwa kuwa una chembe ya kweli ndani yake.

Kuhusu fainali zenyewe sitakaa sana. Huko Lagos timu ilikuwa chini ya Slawomir Wolk kutoka Poland, naye Bendera alikuwamo katika kazi hiyo. Machi 8, 1980, Nigeria walitufunga 3-1, bao letu likifungwa na Juma Mkambi. Misri wakatufunga 2-1, kisha tukatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Mabao yote mawili ya michezo hiyo yalikuwa ya Thuwein Ally. Tukarudi nyumbani na pointi moja. Nigeria wakatwaa kombe. Katika vibaraza vya Korogwe Lagos haitajwi sana, kwani Ndola inatosha.

Baada ya hapo nchi ilisubiri. Kizazi kikazaliwa, kikasoma, kikaoa, na Stars haikurudi fainali. Kila timu mpya ilipopigwa, wazee walitaja kikosi cha 1980, na kila walipokitaja vijana walichoka zaidi kukisikia. Mimi ni mmoja wa waliochoka. Nilizaliwa miaka mingi baada ya Ndola, na nyumbani kwetu jina hilo lilitumika kama kiboko cha kutuchapia sisi tulioshabikia timu za Uingereza.

Joel Bendera alifariki dunia Desemba 6, 2017, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Machi 24, 2019, Stars waliifunga Uganda 3-0 Dar es Salaam na kuingia fainali za Misri, baada ya miaka 39. Alikosa kuiona siku hiyo kwa miezi kumi na mitano na siku chache. Miongoni mwa wapenzi wake hilo ndilo linalouma kuliko yote, na wapo wanaolisema kana kwamba ni yeye aliyekuwa anaisubiri Stars peke yake.

Mimi linaniuma jingine. Kama mia moja walimwuliza Ndola ilikuwaje, bila shaka alijibu mara mia moja. Kipo kitabu kizima kilichotoka kinywani mwake kipande kwa kipande, sokoni, njiani na misibani, kikaangukia mikononi mwa watu waliokuwa wanautazama uso wake badala ya kusikiliza. Waliokuwa vijana wa redio mwaka 1979 sasa wana miaka sitini, sabini na zaidi, na kila mwaka kibaraza kinapungukiwa na mmoja. Baadhi ya wachezaji wa kikosi kile wangali hai. Nao pia hushikwa mikono.

Ni mmoja tu, mkulima wa mahindi wa Handeni, aliyenipa kitu kinachokaribia jibu. Anasema alimkuta kituo cha mabasi Korogwe, akamwuliza kama wenzake wote walivyouliza, naye marehemu akasimama, hakuuachia mkono wake, akaanza kumweleza tangu timu ilipoondoka Dar es Salaam. Walikuwa bado hawajafika Ndola basi lilipopiga honi na kondakta akaita abiria wa Handeni wapande. Nauli alikuwa ameshalipa. Akapanda.