Taa Nyekundu ya Mashine ya Unga Inasema Nini?

Mahindi ya Momba na Mbozi yakishavunwa, mashine za kukoboa na kusaga za Tunduma hazipati usingizi. Ndani ya kibanda, jirani na mota, ukutani kumefungwa boksi la chuma lililopauka kwa vumbi la unga. Mlangoni mwake zimepangwa taa tatu: nyekundu, njano na bluu. Mgeni akiona nyekundu inawaka anaweza kudhani mashine ina hitilafu. Haina. Taa hizo zinaonyesha tu kwamba fezi zote tatu za umeme zimefika, kwa rangi za nyaya ambazo Tanzania ilizirithi kwa Waingereza.

Boksi likiwa limetoka China, habari inageuka. Taa zake ni njano, kijani na nyekundu, kwa kuwa huko ndizo rangi za fezi. Halafu kuna taa ya mota yenyewe, na hapo mafundi nao wanagawanyika. Kwa aliyelelewa na vituo vya kupoza umeme, nyekundu maana yake umeme upo, usiguse. Kijani maana yake umekatwa, sogea. Kwa mwendesha mashine, kijani ni kazi inakwenda vizuri na nyekundu ni balaa. Kila mmoja ana hoja yake, ila kibarua ni yule yule, leo anasaga hapa na wiki ijayo kibanda cha pili.

Dunia ilishalikalia suala hili na kulimaliza, angalau kwenye karatasi. Kiwango cha IEC 60204-1, cha tume ya kimataifa ya ufundi umeme yenye makao Geneva, kinasema taa nyekundu ni hatari inayotaka hatua papo hapo, njano ni hali isiyo ya kawaida, kijani ni hali ya kawaida, bluu ni jambo ambalo mwendeshaji lazima alitende, na nyeupe ni taarifa tu. Vitufe navyo vina taratibu zake. Cha kuwashia kinaweza kuwa cheupe, cheusi, kijivu au kijani, na cheupe ndicho kinachopendekezwa zaidi. Kamwe kisiwe chekundu. Cha kuzimia kinapendekezwa kiwe cheusi, jambo litakalowashangaza mafundi wengi. Chekundu kinaruhusiwa kuzimia, lakini hakishauriwi kikiwa karibu na kile cha dharura, na cha kijani hakiruhusiwi kuzimia kabisa.

Sababu ya uchoyo huo juu ya rangi nyekundu ni kitufe kimoja: kile kikubwa chenye umbo la uyoga, chekundu juu ya duara la njano. Ukikibonyeza kinajifunga, na ukikifungua mashine haitakiwi kuwaka yenyewe mpaka mtu aiwashe upya. Kitufe hicho hakikutengenezwa kwa ajili ya fundi. Mkanda ukinasa mkono wa shati la mwendeshaji, wa kukibonyeza huenda ni mama aliyekuja na debe lake la mahindi, ambaye hajawahi kuligusa boksi hilo maishani. Ana sekunde chache za kuchagua. Akikuta vitufe vitatu vyekundu, kimoja kimechukuliwa dukani kwa sababu ndicho kilichokuwepo siku ile cha zamani kilipoungua, atabonyeza kipi?

Hapa Tunduma hakuna haja ya kumfundisha mtu kwamba rangi zinaweza kukubaliana. Kwenye foleni ya malori ya kuelekea Nakonde zimesimama Scania za Sweden na Howo za China, na dereva anayehama kutoka moja kwenda nyingine hahitaji kamusi: taa nyekundu ya oili ni simama, njano ni kaangalie, bluu ni taa kali za mbele zimewaka. Watengenezaji wa magari walikubaliana. Wauza maboksi ya umeme hawajabanwa vya kutosha.

Na rangi peke yake haitoshi. Tarehe 28 Machi 1979, kwenye kinu cha nyuklia cha Three Mile Island huko Marekani, vali iligoma kujifunga, lakini taa yake ilizimika kwa sababu ilikuwa inaonyesha amri iliyotumwa, si vali ilivyokuwa. Waendeshaji waliiamini taa kwa zaidi ya saa mbili, maji yakapungua, na karibu nusu ya kiini cha kinu ikayeyuka. Mashine ya unga haiwezi kufika huko, bila shaka. Ila makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu Saza na Mkwajuni yana taa za namna ile ile, zinazosema kitufe kimebonyezwa huku mota imesimama au mkanda umekatika.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, ina OSHA ya kuisimamia na ina TBS ya kukagua bidhaa zinazoingia. Kinachotakiwa si sheria nyingine. Mkaguzi wa OSHA akiingia kibandani aanze na mlango wa boksi kabla ya kuuliza cheti. TBS ikatae maboksi yenye kitufe chekundu cha kuwashia. Na wauza vifaa vya umeme wa Tunduma, Mlowo na Vwawa waweke akiba ya vitufe vyeusi na vyeupe, maana fundi hafungi asichokikuta dukani.

Mwenye mashine naye asingoje mkaguzi. Kabla ya msimu ujao amwite fundi wake, umeme ukatwe kwenye swichi kuu, kila kitufe chekundu kisicho cha dharura kibadilishwe, na chini ya kila kitufe paandikwe kwa rangi ya mafuta: WASHA, ZIMA, DHARURA. Maandishi hayo yanamfaa pia asiyeweza kutofautisha nyekundu na kijani, na kazi yote inaisha ndani ya siku moja.